JINSI YA KUSAFISHA SINKI LA KUOGEA LA AKRILIKI BILA KULIHARIBU

Najua kuna mtu ataanza kucheka: kijana wa Piyaya, huku kwetu ambako maji yanahesabiwa kwa dumu, anaandika habari za sinki la kujilaza ndani! Sinki moja la kawaida likijaa linakula lita 150 mpaka 200, yaani madumu nane hadi kumi. Haya, cheka. Lakini vijana wangapi wakimaliza shule wanaenda kutafuta kazi ya usafi wa vyumba kwenye loji za Karatu na kule juu ukingo wa Ngorongoro? Siku ya kwanza unapewa ndoo na dasta, hakuna anayekueleza kitu, halafu sinki likikwaruzika unaambiwa mshahara utakatwa. Ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue unasugua nini, maana masinki hayafanani. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, igusishe pembeni. Ikinata, hilo ni la chuma lililopakwa enameli. Isiponata, ligonge kwa kidole: la akriliki linatoa sauti nzito ya plastiki na ukiligusa halina ule ubaridi wa chuma. Akriliki ni plastiki ileile inayotengenezewa vioo visivyovunjika ovyo. Wanaipasha moto, wanaivuta kwenye umbo la sinki, halafu kwa nyuma wanaibandika faiba ili iwe ngumu. Kwa hiyo unachokiona kinang'aa ni plastiki ya milimita chache tu. Haishiki kutu, lakini inakwaruzika upesi kuliko kigae, na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanaleta mazoea ya kusugua sufuria.

Adui wa kwanza huku kwetu ni vumbi. Mgeni anatoka kwenye gari na vumbi jekundu la Karatu mwili mzima, anaoga, linabaki chini ya sinki. Vumbi lile ni mchanga mdogo mdogo. Ukipitisha kitambaa kikavu juu yake umeshapiga msasa! Mwaga maji kwanza, suuza mpaka mchanga wote uende, NDIPO ushike kitambaa laini au sponji na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sugua taratibu, suuza, kisha kausha kwa taulo la zamani. Hiyo kukausha wengi wanairuka, na ni kosa kubwa, kwa sababu tone likikauka lenyewe linaacha doa jeupe.

Doa hilo ni chokaa. Waliosoma kemia kidato cha tatu wanakumbuka maji magumu. Yakikauka yanaacha magamba meupe, hasa chini ya bomba na kwenye tundu la kutolea maji. Sabuni haiyatoi hata usugue mpaka kesho. Yanataka kitu kichachu: changanya siki nyeupe na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika kumi hivi, futa, suuza sana. Ndimu pia inafanya kazi. Kama doa limegoma, rudia, usiongeze nguvu. Na wale wa magadi ya Natron, najua mpo: magadi ni kinyume cha siki, hayayeyushi chokaa, na punje zake zinakwaruza.

Vitu vya kukaa navyo mbali: stili waya, brashi ngumu, sabuni za unga za kusugulia, wembe wa kukwangulia rangi. Kisha tina, petroli, asetoni na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hizi hazikwaruzi, zinalainisha plastiki yenyewe au kuitia nyufa ndogondogo kama utando, na hazifutiki. Mishumaa ya mapambo pembeni mwa sinki nayo ni balaa, sigara vilevile. Akriliki huanza kulegea kwenye joto linalokaribia nyuzi 100, kwa hiyo usimimine maji yanayochemka. Anza na ya baridi.

Na hili ni la uhai wako, siyo la sinki: USICHANGANYE Jik na siki, wala Jik na dawa ya choo. Inatoka gesi ya klorini, na bafu la loji mara nyingi ni dogo na dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi.

Je, kama limeshakwaruzika? Usiogope. Rangi ya akriliki imeingia ndani ya plastiki, haikupakwa juu tu, kwa hiyo inaweza kung'arishwa. Alama ndogo zinatoka kwa polishi ya gari, au hata dawa nyeupe ya meno, ukizungusha kwa kitambaa laini. Mkwaruzo unaoshika kucha unahitaji msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukiulowesha muda wote, halafu polishi. Kama ufa umefika kwenye faiba, acha, aitwe fundi.

Sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu bosi kukata tu kwa sababu amekasirika. Uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa lako, uwe umekubali makato kwa maandishi, naye akuandikie chanzo, kiasi na hesabu alivyoipata, akupe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha, na deni lisizidi hasara halisi. Hapo pa hasara halisi pashike vizuri: kama alama inatoka kwa msasa na polishi, hasara ni gharama ya kazi hiyo, siyo bei ya sinki jipya. Piga picha siku hiyohiyo. Akikata kinyume na hapo, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60.