Nani Alijenga Gedi? Si Majini, Ni Mafundi



Hebu siku moja simama chini ya jengo la KICC, pale katikati ya mji wetu wa Nairobi, kisha uinue macho. Jengo lile lilikamilika 1973 na urefu wake ni mita 105. Sasa fikiria: piramidi kubwa ya Giza kule Misri, ilipomalizwa miaka kama 4,500 iliyopita, ilikuwa na urefu wa mita 146 hivi, na inakadiriwa kuwa na mawe zaidi ya milioni mbili. Kreni hakuna, lori hakuna. Ndio maana kila anayeiona, hata kwa picha tu, huuliza: waliijengaje?

Majibu ya mtaani unayajua. Kaa kwa kinyozi Kawangware ama panda matatu ya Kangemi, utaambiwa ni kazi ya majini. Mwingine atakwambia ni viumbe kutoka sayari nyingine. Sisi tuliopitia madrasa tunajua kwamba Qur'ani imetaja majini waliomfanyia kazi ya ujenzi Nabii Sulaiman (a.s.). Lakini lile lilikuwa jambo lake yeye, kwa idhini ya Mola wake. Si ruhusa ya kumpa jini kila ukuta wa zamani ambao hatumjui fundi wake.

Isitoshe, wajenzi wa Giza waliacha ushahidi. Karibu na piramidi yamefukuliwa makaburi ya wafanyakazi, makao yao na mahali walipookea mikate. Na 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo yaliyoandikwa na msimamizi mmoja jina lake Merer. Ameandika siku kwa siku jinsi kundi lake lilivyobeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura mpaka Giza. Kumbe ni watu! Walikula, walichoka, na walijua hesabu ya kazi yao.

KWETU NAKO JE?

Ndugu msomaji, huna haja ya kukata tiketi ya ndege kwenda Cairo ili ujiulize swali hili. Shuka Mombasa kwa basi ama kwa treni, kisha fuata barabara ya Malindi. Kabla hujafika Malindi, karibu na Watamu, ndani ya msitu kuna mji mzima wa mawe uliohamwa. Huo ndio Gedi. Watu waliishi hapo tangu karibu karne ya 12 mpaka mwanzoni mwa karne ya 17. Una kuta mbili, wa ndani na wa nje, una msikiti mkuu, misikiti midogo, jumba la kifalme, visima na makaburi. Kaburi moja limeandikwa tarehe: mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia.

Na pale pia utasikia habari za majini. Wareno waliokaa Malindi, jirani kabisa, hawakuutaja mji huu katika maandishi yao, na msitu ulipoumeza, hadithi zikajaa. Lakini ukiweka mkono wako juu ya ukuta, ukuta wenyewe unajibu.

KAZI ILIVYOFANYWA

Kwanza, jiwe. Kuta zimejengwa kwa matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, mawe magumu yenye matundu. Kwa kazi ya urembo, kama mihrabu na fremu za milango, mafundi walikwenda baharini maji yakipwa, wakakata tumbawe hai. Likitoka majini huwa laini, linachongeka. Likikauka, linakuwa gumu. Kwa hivyo fundi alikuwa akishindana na wakati: achonge kabla jiwe halijamkatalia.

Pili, chokaa. Saruji haikuwepo. Walipanga magogo, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto. Kilichobaki kilimwagiwa maji na kuachwa kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Chokaa haitaki haraka. Mwenye kutaka nyumba alianza kwa kusubiri.

Tatu, boriti. Ukiingia nyumba za Gedi utashangaa: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito ule ikizidi mita tatu hivi. Bas, mti ndio uliopima chumba. Ukitembelea nyumba za zamani za Lamu utaona kipimo ni kile kile.

Nne, kibla. Gedi na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hivyo mihrabu ya msikiti mkuu iko upande wa kaskazini. Nje ya mlango kuna kisima na mahali pa kutawadhia. Na juu ya mlango mmoja pamechongwa ncha ya mkuki. Angalia vizuri: mihrabu ya Kiislamu na mkuki wa Kiafrika, katika jengo moja.

JINA LA MWENYE MJI

Hapa ndipo penye uchungu. Gedi iliwekwa katika orodha ya serikali ya maeneo ya kihistoria 1927, na tangu 1948 ikafukuliwa na James Kirkman, Mwingereza. Alifanya kazi kubwa, hilo lazima tukubali. Lakini kitabu chake cha 1954 alikiita mji wa Kiarabu wa Gedi. Kwa fikra za wakati ule, Mwafrika hangeweza kujenga kwa mawe, kwa hivyo mjenzi lazima awe mgeni. Tofauti yake na hadithi ya majini ni nini? Zote mbili zinamnyang'anya babu yetu mwiko wake.

Baadaye ukweli ulianza kutoka chini ya ardhi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta msikiti juu ya msikiti: chini kabisa ni wa miti, wa karne ya 8, na ule wa mawe ukaja juu yake baadaye. Mji ulikua hapo hapo, kidogo kidogo, kutoka mti hadi jiwe. Na 2023 utafiti wa DNA kutoka makaburi ya kale ya pwani ulionyesha mama wengi Waafrika na baba wengi wa asili ya Uajemi, waliochanganyika tangu karibu mwaka 1000. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba ni wageni peke yao, wala usijibu kwamba hapakuja mgeni. Walikuja, wakaoa, wakaswali safu moja na wenyeji. Watoto wao ndio Waswahili walioinua kuta zile.

Julai 2024 UNESCO iliingiza Gedi katika Urithi wa Dunia. Dunia imekubali. Je, sisi?

Vijana wenzangu, Qur'ani inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame habari za waliotutangulia. Likizo ikifika, wazazi wapelekeni watoto Gedi. Ukifika, usichonge jina lako ukutani, maana waliochoma chokaa ile hawakuandika yao. Mtafute mzee anayejua bado kuchoma chokaa umuulize, uandike, kabla elimu hiyo haijazikwa naye. Na mtoto akikuuliza, "Nani alijenga hapa?", mjibu bila kusita: mafundi, watu wa pwani hii, Waislamu waliojua kazi yao.

Wabillahi tawfiq.