Konokono wa maji baridi na siri ya mdundo wa kula

Je, mnyama anapokula, kila tendo la kinywa huamshwa na hisia ya tendo lililotangulia, au ubongo wenyewe ndio unaopiga mdundo? Swali hilo liliwagawa wanasayansi kwa miongo mingi. Miongoni mwa viumbe waliosaidia kulijibu ni konokono wa madimbwi ya Ulaya, Lymnaea stagnalis.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini kuwa hisia ndizo kiongozi. Mwaka 1911 mtafiti wa Uingereza, Thomas Graham Brown, alionyesha kuwa uti wa mgongo wa paka huweza kutoa mdundo wa kutembea hata taarifa za hisia kutoka miguuni zikikatwa. Hoja yake haikupata wafuasi wengi. Mwaka 1961 Donald Wilson alionyesha jambo kama hilo katika mabawa ya nzige, na mizani ikaanza kuelemea upande wa pili.

Lakini ni seli zipi zinazopiga mdundo huo? Ubongo wa paka una seli nyingi mno kuzifuatilia moja moja. Konokono ana seli za neva chache, na baadhi yake ni kubwa kiasi cha kutambulika kila moja chini ya hadubini.

Ulimi wenye meno

Konokono huyu hula kwa radula, yaani ulimi wenye safu za meno madogo. Huutoa nje, huukwaruza juu ya mwani mithili ya mtu akunaye nazi, kisha humeza na kuanza tena.

Mwaka 1979 Paul Benjamin, wa Chuo Kikuu cha Sussex, na mwenzake R. M. Rose walieleza kuwa mfumo wa neva wa konokono, hata ukitengwa na mwili, huendelea kutoa mdundo huo wa kula. Mwaka 1981 walitambua makundi matatu ya seli, kila moja likiwa na zamu yake. Kundi la kwanza huamsha la pili. La pili hulinyamazisha la kwanza. Kisha la tatu, lililokuwa limezuiwa, huibuka na kukamilisha kumeza.

Njaa nayo ina sauti

Hata hivyo, hisia hazikushindwa kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Sussex walieleza kuwa seli moja huuarifu ubongo wa konokono kwamba chakula kipo, na nyingine huuarifu kama mnyama ana njaa. Chakula kisipopatikana, mfumo hupunguza shughuli za ubongo na kuokoa nguvu.

Hivyo pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli: mdundo hutoka ndani, bali wakati wa kuupiga huamuliwa na tumbo na mazingira. Kanuni ya mdundo wa ndani ndiyo hiyo hiyo inayomwezesha binadamu kupumua hata akiwa usingizini.