Fizi za bibi na dawa za nano

Likizo nilikuwa kwetu Kasulu. Bibi ananiambia fizi zinatoka damu, meno yanacheza, na tiba anayoijua yeye ni koleo. Shoga yake wa Kibondo keshang'oa yote. Niliporudi chuo nikaanza kuchimba historia.

Neno mswaki limetoka kwa Waarabu, na zamani lilikuwa kijiti tu cha mti. Kijiti kinaondoa ukoga wa juu, ila bakteria wakishajichimbia chini, kati ya jino na ufizi, hakiwafikii. Vidonge navyo vinazunguka mwili mzima, pale penyewe dawa inafika kidogo.

Mwaka 1979 Max Goodson na wenzake huko Marekani wakajaza tetrasaikilini kwenye nyuzi zenye uwazi ndani, wakazipachika palepale kwenye ufizi. Mwaka 2001 Marekani ikapitisha Arestin, chembe ndogo zinazoachia minosaikilini taratibu. Leo watafiti wanajaribu chembe za nano, na nanomita 1 ni milimita iliyokatwa vipande milioni 1! Nyingi bado ziko maabara.

Sasa kilichonigusa ni hiki: hata hiyo Arestin inawekwa pamoja na kukwangua ukoga uliogandamana. Chembe iwe ndogo vipi, kazi hiyo haiiruki. Kwa hiyo bibi hahitaji kusubiri nano, anahitaji kukwanguliwa kabla ya koleo. Nimempigia mjomba, Jumatatu anampeleka hospitali. Muombeeni, jamani.