Ziwa la Kabaka na Tafrija ya Mwanga

Atokaye Ndeeba kuelekea Rubaga, mjini Kampala, hulipita bondeni ziwa dogo ambalo, kinyume cha jirani yake mkubwa Nyanza (Ziwa Viktoria), halikuletwa na mto wala mvua peke yake, bali na majembe ya raia. Nalo ndilo Ziwa la Kabaka, lililochimbwa kwa amri ya Mwanga wa Pili, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, kati ya mwaka 1885 na 1888, alipokuwa kijana wa umri usiozidi sana miaka ishirini.

Mwanga alipenda maji. Baba yake, Mutesa, alikuwa na jeshi la mitumbwi iliyoshonwa kwa nyuzi za miti kama mitepe ya Lamu, ambalo msafiri Stanley alilishuhudia mwaka 1875. Walakini mwana aliyatazama maji kwa jicho la tafrija kuliko la vita, na kwa kuwa alikuwa na makao Munyonyo, ukingoni mwa Nyanza, alikokwenda kuwinda na kutembea kwa mitumbwi, aliazimu kuchimba mfereji kutoka ziwa hili jipya hata huko, ili apande chomboni karibu na kasri yake ya Mengo na ashukie Munyonyo pasipo kukanyaga vumbi. Azma hiyo, kwa haki, haikukosa uzuri. Ila uzuri wake ulilipwa na wengine: wakubwa kwa wadogo walilazimishwa kuteka udongo, na yasimuliwa kwamba waliochelewa kazini walitozwa faini, jambo lililowaudhi machifu wasiozoea kushika jembe.

Chuki hiyo ilichanganyika na hofu za dini, kwani Waislamu na Wakristo wa barazani walikuwa wameshauogopa ukali wa Mwanga. Septemba 1888, zilipoenea habari kwamba Kabaka ataka kuwapakia mitumbwini na kuwatelekeza kisiwani wafe njaa, walikataa kupanda, wakamwondoa katika kiti. Naye akakimbia kwa maji yale yale aliyoyapenda, hata Magu, kisha kwa mapadri wa Bukumbi, kusini mwa Nyanza. Alirudi kutawala, akaondolewa tena, akafia Shelisheli mwaka 1903.

Mfereji haukufika Munyonyo. Ziwa likabaki peke yake, na starehe iliyokusudiwa mfalme mmoja ikawaangukia watu wa mitaani, wenye mshipi, ndoana na subira ya kuketi majanini. Katika maji tulivu na vinamasi vya Kampala samaki aliye bora kwa mlo ni ngege, lakini aliye wa ajabu ni kamongo, aitwaye mmamba kwa Kiganda, avutaye hewa kama sisi na awezaye kujizika topeni wakati wa kiangazi akangoja mvua. Watu wa ukoo wa Mmamba, ambao mkuu wao, Gabunga, ndiye aliyekuwa amiri wa mitumbwi ya Kabaka, ni mwiko kwao kumla; basi kijana wa ukoo huo akimnasa hana budi kumwachia mwenzake, na mwenzake, nadhani, hahitaji kubembelezwa.