Jeraniamu za Rasi katika Majira ya Baridi ya Ulaya

Ua liitwalo jeraniamu, ambalo hupamba madirisha ya nyumba nyingi kuanzia Uswisi hadi Sweden, asili yake ni Afrika, kwa kuwa spishi nyingi za jenasi yake, ambayo wataalamu wa mimea huiita Pelargonium, huota kusini mwa bara hili, na nyingine chache hupatikana katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Ethiopia. Mmea huu haustahimili jalidi, yaani baridi kali inayogandisha maji yaliyomo katika majani na shina na kuziharibu seli zake, hivyo historia yake katika nchi za baridi ni historia ya watu waliolazimika kila mwaka kutafuta namna ya kuuvusha salama hadi majira ya kuchipua.

Miongoni mwa spishi za mwanzo kufika Ulaya ni Pelargonium triste, ambayo mbegu zake John Tradescant, mtunza bustani Mwingereza, alizipata mwaka 1631 kutoka kwa René Morin wa Paris. Hiyo haikusumbua sana, maana hujihifadhi katika kiazi kilichofukiwa udongoni. Shida kubwa ilikuja na spishi za vichaka, hasa Pelargonium zonale, ambayo majani yake yana ukanda mweusi, na Pelargonium inquinans, iliyooteshwa katika bustani ya Askofu Henry Compton huko Fulham mwanzoni mwa karne ya 18. Kutokana na kuchanganywa kwa hizo mbili ndiko walikotoka machotara wengi wa bustani za leo. Francis Masson, aliyetumwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na bustani ya Kew mwaka 1772, aliongeza spishi nyingine nyingi. Matajiri waliihifadhi mimea hiyo katika nyumba za vioo zilizopashwa joto kwa makaa ya mawe, jambo lililogharimu fedha nyingi, kwani nchini Uingereza hata kioo chenyewe kilitozwa ushuru hadi mwaka 1845.

Hata hivyo, kilichouokoa mmea huu zaidi ya kioo ni kisu. Mwishoni mwa kiangazi, kabla jalidi haijaanguka, kipande cha shina chenye urefu wa takriban sentimita 10 hukatwa chini kidogo ya kifundo, yaani mahali jani linapochipukia, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hutokea kwa wepesi. Majani ya chini huondolewa, jeraha huachwa likauke, kisha pingili hiyo huchomekwa katika udongo mwepesi wenye mchanga na kunyweshewa kwa uchache, maana katika baridi unyevu huozesha shina kabla halijatoa mizizi. Mkulima wa muhogo, ambaye kila msimu huhifadhi pingili za kupandia shamba lijalo, angeuelewa ufundi huu mara moja. Bustani kubwa za Uingereza za karne ya 19, zilizotandazwa maua mekundu kwa maelfu kila kiangazi, zilitegemea pingili zilizokatwa mwezi Agosti na kutolewa nje mwishoni mwa Mei.

Wasio na nyumba ya vioo walitumia dirisha lenye mwanga, au waliung'oa mmea mzima, wakaukung'uta udongo na kuuning'iniza kichwa chini katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, mahali penye giza na baridi isiyofikia kugandisha, ambapo shina nene lililohifadhi maji liliweza kungoja hadi Machi, lipogolewe na kupandwa upya. Ufundi huu wa watu wa kawaida, pamoja na desturi yao ya kupeana pingili, unastahili heshima kubwa kuliko uliyopewa katika vitabu vya bustani, kwa sababu pingili, tofauti na mbegu, haileti mmea mpya bali huendeleza uleule, na jirani aliyegawiwa tawi alikuwa akiba ya yule aliyemgawia. Vita viwili vya dunia vilipopunguza makaa ya mawe, nyumba nyingi za vioo nchini Uingereza zilikosa joto na aina nyingi za bustani zikapotea. Lakini nchini Sweden, ambako jeraniamu ya Mårbacka, yenye jina la nyumbani kwa mwandishi Selma Lagerlöf, ilienea kwa watu kupeana matawi, mpango wa taifa wa kuhifadhi mimea iliyolimwa tangu zamani uliwaomba wananchi mimea ya vyunguni waliyorithi, na jeraniamu za madirishani zilikuwa miongoni mwa ile iliyokusanywa.