Sarafu za Korea ambazo hazikufika sokoni

Mwaka 1886, katika kiwanda kipya cha serikali mjini Seoul, zilipigwa sarafu za aina 15 ambazo hakuna mchuuzi aliyewahi kuzipokea. Tano zilikusudiwa kuwa za dhahabu, kuanzia won 1 hadi won 20. Tano za fedha, tano za shaba nyekundu. Zilikuwa sarafu za majaribio. Fundi huchonga mihuri ya chuma, hupiga vipande vichache, mara nyingi kwa madini ya bei nafuu, kisha wakubwa huvigeuzageuza mkononi na kuamua kama nchi itavitumia. Uamuzi ule haukutimia. Leo vipande hivyo ni miongoni mwa vinavyowindwa sana na wakusanyaji wa sarafu za Asia Mashariki, na mimi naamini vinaieleza Korea ya wakati ule vizuri kuliko sarafu zilizochakaa mifukoni mwa watu. Ndani yake tunaona serikali ilitaka kuwa nini, na nani alikuwa amesimama nyuma yake kila ilipojaribu.

Kwa zaidi ya karne mbili Wakorea walikuwa wakitumia sangpyeong tongbo, sarafu ya shaba ya manjano iliyosubiwa kwenye kalibu, yenye tundu la mraba katikati la kupitisha kamba. Ilianza kuenea mwaka 1678. Kwa kununua mboga ilifaa. Kwa biashara kubwa ilikuwa adha, kwani mzigo wake ulihitaji mnyama wa kuubeba. Mwaka 1866 Daewongun, baba wa mfalme kijana Gojong, alihitaji fedha za kulijenga upya kasri la Gyeongbokgung, lililoteketea wakati wa uvamizi wa Wajapani mwaka 1592. Akatoa sarafu mpya iliyotangazwa kuwa na thamani ya sarafu 100 za kawaida, ilhali madini yake hayakukaribia kamwe thamani hiyo. Bei ya mchele ikaruka, na mwaka uliofuata sarafu hiyo ikasimamishwa. Tangu hapo kila sarafu mpya ya serikali ilitazamwa kwa jicho la mashaka.

Ndipo mwaka 1882 zikaja sarafu za fedha zilizoitwa Daedong, za jeon 1, 2 na 3. Ukiishika moja utaona duara dogo katikati lililojazwa rangi ya kioo iliyochomwa motoni. Kwenye nyingi rangi hiyo imebanduka, na iliyobaki nzima hupandisha bei mnadani mara nyingi zaidi. Fedha yake ilinunuliwa China. Matajiri walizificha, nyingine zikavuka mpaka, na kufikia 1883 kazi ikakoma.

Mwaka huohuo wa 1883 serikali ilianzisha ofisi ya sarafu, Jeonhwanguk, na kumweka Mjerumani Paul Georg von Möllendorff kuisimamia. Alikuwa mshauri wa Gojong, aliyefika kwa mapendekezo ya China. Alitaka serikali ijaze hazina kwa kutoa sarafu nyingine yenye thamani ya kutangazwa tu, safari hii mara 5. Kim Ok-gyun, mwanasiasa kijana mwenye kiu ya mageuzi, alimpinga vikali kwa hoja kwamba mzigo ungewaangukia wananchi. Historia ilimpa haki Kim, kwani sarafu hiyo nayo ilipandisha bei za vitu. Pamoja na mabishano hayo, mitambo ya kupigia sarafu iliagizwa Ujerumani, na mafundi wa Kijerumani wakaja kuifunga. Sarafu zile za 1886 ni matunda ya mitambo hiyo. Tarehe yake inahesabiwa tangu kuasisiwa kwa ufalme wa Joseon mwaka 1392, kwa hiyo zimeandikwa mwaka wa 495. Mwaka 1888 zilifuata chache za fedha na shaba, mojawapo ikiwa na maandishi ya herufi za Kilatini "1 WARN", lakini hazina haikuwa na uwezo wa kuzizalisha kwa wingi.

Mwaka 1892 kazi ilihamia Incheon, kwa mtaji na utaalamu wa Wajapani. Hapa pana jambo ambalo kila anayeanza kukusanya sarafu hizi anapaswa kulijua. Sarafu ya fedha ya yang 1 ya mwaka huo inaitaja nchi kuwa "Joseon Kuu". Ile ya 1893 inasema "Joseon" tu. Yuan Shikai, mwakilishi wa China mjini Seoul ambaye baadaye angekuwa rais wa jamhuri ya nchi yake, alilikataa neno "Kuu", kwa sababu machoni pa Beijing Korea ilikuwa nchi inayotoa kodi na haikustahili kujiita kuu. Herufi moja ikaondolewa kwenye muhuri. Sijui hati ya kidiplomasia inayoonyesha udhalilishaji huo waziwazi kama sarafu hizo mbili zikiwekwa pamoja.

Mageuzi ya 1894 yalitangaza kuwa fedha ndiyo msingi wa sarafu za nchi. Kilichofurika sokoni kikawa nikeli: sarafu ya jeon 2 na pun 5, yenye majoka wawili. Kuitengeneza kulileta faida kubwa, basi serikali ikauza vibali kwa watu binafsi, na waghushi, wakiwemo waliokuwa Japani, wakaongeza zao.

Kisha ikaja zamu ya Urusi. Gojong alikuwa amejihifadhi kwenye ubalozi wa Urusi tangu Februari 1896 kwa takriban mwaka mzima, na mwaka 1897 akajitangaza kaizari. Sarafu za 1901 zina tai mwenye taji, anayefanana mno na tai wa Urusi. Vita vya Urusi na Japani vilipozuka mwaka 1904 Wajapani walizikusanya na kuziyeyusha, ndiyo maana zilizosalia ni chache na majaribio ya dhahabu ya aina hiyo hayapatikani ovyo.

Mwaka huo wa 1904 mshauri mpya wa fedha, Mjapani Megata Tanetaro, alikifunga kiwanda cha Yongsan, ambako kazi ilikuwa imehamia kutoka Incheon, na kuhamishia upigaji wa sarafu Osaka. Kuanzia 1905 nikeli za zamani ziligawanywa madaraja matatu. La kwanza lilibadilishwa kwa kiwango kamili kilichowekwa, la pili kwa chini ya nusu ya kiwango hicho, la tatu halikupokelewa kabisa. Wafanyabiashara wengi wa Kikorea walifilisika.

Wingi wa nikeli ndio unaozifanya zipatikane kwa bei ndogo hadi leo, na ningemshauri anayeanza aanze nazo, alinganishe magamba ya majoka kwenye halali na kwenye ghushi za zamani, kabla hajagusa fedha. Sarafu ya yang 5 ya 1892 huwa na uzito wa karibu gramu 27. Nakala nyingi za kisasa zinajiumbua kwenye mizani, na zilizosubiwa huonyesha vijitundu vya hewa ukitumia kioo cha kukuza. Kwa sarafu za majaribio mizani haitoshi, kwa kuwa zilipigwa kwa madini tofauti tofauti. Hapo cha kuuliza ni ilikotoka: ilikuwa mikononi mwa nani, ilipita mnada gani, imewahi kupigwa picha katika katalogi ipi. Muuzaji asiye na jibu aachiwe sarafu yake, hata bei iwe ya kushawishi namna gani. Na mwenye nafasi ya kufika Seoul aende kwanza jumba la makumbusho la Benki Kuu ya Korea, katika jengo lililokamilika mwaka 1912 chini ya utawala wa Wajapani, akazoeshe macho yake kwa sarafu za kweli.