Uigaji wa pawasaplai ya swichi

Pawasaplai ya swichi ni saketi inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo zilizo thabiti, kwa kuwasha na kukata mkondo maelfu ya mara kila sekunde kupitia transfoma ndogo. Imo ndani ya chaja za simu, runinga na kompyuta zinazofikishwa kwa mafundi wa Kiwanja, katika eneo la Rutshuru kaskazini mwa Goma, kama ilivyo kwingine kote. Kuiiga ni kuijenga kwa hesabu ndani ya kompyuta kabla ya kuyeyusha risasi. Chombo kilichoweka msingi wa kazi hiyo ni SPICE, programu iliyotolewa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973 kwa juhudi za Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson. Warithi wake, LTspice na ngspice, hupatikana bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hazihitaji intaneti. Modeli inayogoma humsumbua anayeanza, lakini inayoleta hasara ni ile inayokwenda vizuri huku imeficha ukweli. Zote mbili huponywa kwa kuirudishia saketi tabia za vifaa halisi zilizoachwa wakati wa kuichora.

Programu hukokotoa volti za kila kiungo kwa kukisia na kusahihisha. Jibu lisipotulia, hufupisha hatua ya muda na kujaribu tena, mpaka hatua iwe fupi kupita kiasi na kazi isimame. Mara nyingi chanzo ni mchoro unaodai mambo yasiyowezekana. Koili iliyokatiwa mkondo ghafla na swichi kamilifu hudai volti zisizo na mwisho, na kapasita isiyo na ukinzani ikiunganishwa moja kwa moja na chanzo cha volti hudai mkondo usio na mwisho. Upande wa pili wa transfoma, uliotengwa na ule wa kwanza, huelea bila njia ya kufika sifuri ya rejeo, nayo hesabu hukosa jibu. Kwa hiyo kapasita ipewe ukinzani wake wa milioumu kadhaa, dayodi ipewe ukapasita wake, mpigo wa geti upande kwa nanosekunde 20 hadi 50, na sifuri za pande mbili za transfoma ziunganishwe kwa kinzani kikubwa sana. Wapo wanaosema ni rahisi zaidi kulegeza kiwango cha makosa, ambacho kwa kawaida ni sehemu 1 kwa 1,000. Ni kweli mchoro utakwenda, ila mawimbi yatakayotokea yatakuwa ya saketi ambayo haipo. Kulegeza kuwe hatua ya mwisho, baada ya kila kifaa kukaguliwa.

Aina ya pili ya kosa haitoi onyo lolote. Chukua transfoma iliyochorwa ikiwa na mshikamano kamili wa koili zake. Transista itaonekana salama. Transfoma halisi ina uvujaji wa sumaku: uvujaji wa mikrohenri 10 ukibeba ampea 1 inayokatwa kwa nanosekunde 50 huzaa volti 200. Ziongeze juu ya volti 311 za umeme wa 220 uliogeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, pamoja na 100 hivi zinazorudi kutoka koili ya pili, na transista ya volti 600 imekwisha. Hali kadhalika volti za ingizo. Mtambo wa umeme wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, wenye uwezo wa megawati 13 hivi, ulizinduliwa Desemba 2015. Lakini mwisho wa laini ndefu, au kwenye jenereta ndogo iliyolemewa, volti zinaweza kushuka mbali chini ya 220. Pawasaplai ya wati 60 huvuta wastani wa ampea 0.19 kwa volti 311, na 0.28 volti za ukutani zikishuka hadi 150, hata kabla ya kuhesabu hasara. Swichi hukaa ikipitisha mkondo muda mrefu zaidi. Muda huo ukipita nusu ya mzunguko, katika saketi inayodhibiti kilele cha mkondo bila fidia, mipigo huanza kupishana, mmoja mpana na mwingine mwembamba. Aliyeiga kwa volti 220 peke yake hataliona hilo.

Tahadhari ya tatu ni muda. Kidhibiti UC3842 huamka kwa volti 16 na kulala zikishuka hadi 10. Kapasita yake ya mikrofaradi 47 ikijazwa kwa miliampea 1.5, huhitaji nusu sekunde kufika hapo. Uigaji wa milisekunde 10 utaonyesha ukimya mtupu, na mtu atabomoa mchoro usio na kosa. Tatizo hilo huondoka kwa kuipa kapasita volti 15.9 tangu mwanzo. Kisha ipunguze thamani yake, na utaona saketi ikiamka na kulala bila kukoma, sawa na chaja ambayo kapasita yake imekauka.

Yawezekana kuuliza uigaji una faida gani kwa fundi ambaye tayari hubadilisha vifaa na kupima kwa balbu ya mfululizo. Balbu hiyo huokoa transista nyingi na haifai kuachwa. Lakini haionyeshi kilele cha nanosekunde 50, na kukitafuta kwa oskiloskopu kwenye upande wa volti 311 bila transfoma ya kutenga ni kucheza na uhai. Vyuo vya ufundi vya Rutshuru na Goma vinavyomiliki kompyuta viwafundishe wanafunzi kuiga kwa volti 150 kwanza, ndipo kwa 220.